Mashine ipi ya kuchomelea kwa matengenezo ya nyumbani? Uchambuzi kwa wakazi wa pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado

Mtu wa Palma, Quionga au Mocímboa da Praia anayetafuta mashine ndogo ya kuchomelea kwa ajili ya nyumba yake hukutana na ushauri unaopingana. Muuza duka humwonyesha kijisanduku cha kilo nne hivi kilichoandikwa ampea 250. Fundi wa mtaani humwambia aachane na vitu hivyo, atafute transfoma nzito iliyosukwa kwa waya wa shaba. Kijana aliyewahi kufanya kazi kwenye miradi mikubwa humsifia mashine ya waya. Mwingine humuuliza kwa nini ajisumbue kununua ilhali fundi yupo hatua chache kutoka nyumbani.

Kila mmoja wa hao ana sehemu ya ukweli, na ndiyo maana mnunuzi hubaki njia panda. Uchambuzi huu unaeleza mkanganyiko umetoka wapi, unazitazama hoja nne moja baada ya nyingine, kisha unazipima kwa vigezo vitatu vinavyoamua mambo katika pwani hii: kazi yenyewe, umeme uliopo na hewa ya bahari. Bajeti inayozungumziwa ni ya mtu wa kipato cha kawaida anayetaka kurekebisha geti, bawaba, grili za madirisha, kitanda cha chuma, toroli, jiko la mkaa au nanga ya mashua, si mtu anayefungua karakana.

Mkanganyiko umetoka wapi

Sababu ya kwanza ni wingi wa kazi. Tarehe 25 Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilipiga pwani ya Cabo Delgado na kuacha uharibifu mkubwa Ibo, Quissanga na Macomia. Kabla ya hapo, Oktoba 2017, mashambulizi ya waasi yalikuwa yameanza Mocímboa da Praia. Mji huo ulitekwa Agosti 2020, ukakombolewa mwaka mmoja baadaye na majeshi ya Msumbiji na Rwanda. Palma nayo ilishambuliwa Machi 2021. Nyumba iliyoachwa tupu kwa miezi au miaka haimsubiri mwenyewe ikiwa salama. Anayerudi hukuta milango imeng'olewa, bawaba zimekatika, na chuma chochote kilichobaki kimeshaliwa na kutu.

Sababu ya pili ni chumvi. Hata pasipo vita wala kimbunga, chuma cha pwani huoza upesi kuliko cha bara. Geti ambalo Mueda lingedumu miaka mingi, Palma huanza kukatika kwenye maungio, pale maji yenye chumvi yanapotuama.

Sababu ya tatu ni teknolojia. Zamani mashine ya kuchomelea ilikuwa mali ya karakana: nzito, ghali, inayohitaji umeme mkubwa. Mashine za inveta kutoka China zimebadilisha hali hiyo. Leo mtu wa kawaida anaweza kuimudu na kuibeba mkononi, ila ushindani wa bei umeleta pia ushindani wa namba. Sanduku moja limeandikwa 200, la pili 250, la tatu 300, na yote matatu yanakaribiana kwa ukubwa na uzito. Namba iliyochapishwa kwa rangi kwenye boksi ni tangazo. Ukweli umeandikwa kwenye kibandiko kidogo cha nyuma au chini ya mashine, na wanunuzi wengi hawakisomi.

Hali halisi ya pwani hii

Msumbiji hutumia umeme wa volti 220 na mizunguko 50 kwa sekunde. Wilaya za kaskazini hulishwa na laini ndefu inayopitia Awasse, na kituo cha Awasse kilipoharibiwa mwaka 2020 wilaya hizo zilikaa gizani kwa muda mrefu. Laini ndefu ina tabia yake: nyumba iliyo mwishoni hupata volti pungufu, hasa jioni wakati kila mtu amewasha taa na friji. Visiwani na katika vijiji visivyofikiwa na EDM, shirika la umeme la nchi, umeme ni wa jenereta au sola.

Soko nalo lina pande mbili. Bidhaa hutoka Pemba kwa barabara, na hutoka Mtwara kwa kuvuka Ruvuma. Mashine iliyonunuliwa Mtwara huja na plagi ya Kiingereza yenye miguu mitatu ya bapa na fyuzi isiyozidi ampea 13. Soketi za Msumbiji ni za mviringo, ama za aina ya Ulaya za ampea 16, ama zile kubwa za miguu mitatu za Afrika Kusini. Adapta ya bei rahisi inayounganisha plagi na soketi hizo haikuundwa kubeba mzigo wa kuchomelea. Huyeyuka. Anayenunua Mtwara ahesabu kabisa gharama ya kubadilisha plagi, na ajue kwamba kurudisha mashine yenye kasoro ni safari ya kuvuka mpaka.

Jambo la mwisho ni upepo. Kusi na kaskazi huvuma sehemu kubwa ya mwaka, na kazi nyingi za nyumbani hufanyika uani. Tutaona jinsi upepo unavyoondoa aina moja ya mashine kwenye orodha.

Hoja ya kwanza: transfoma nzito

Mafundi wengi wa mitaani, kuanzia Pemba hadi Dar es Salaam, wamejifunzia kwenye transfoma, nyingine zikiwa zimesukwa hapahapa kwa mabati ya chuma na waya. Hoja yao ina uzito. Ndani ya mashine hiyo hakuna sakiti za elektroniki za kuungua. Kuna koili mbili, kiini cha chuma, na njia ya kupandisha au kushusha moto. Vumbi haliisumbui sana, na ikiungua, fundi yeyote wa kusuka mota ataifufua. Mahali ambapo vipuri husafiri siku kadhaa kwa barabara, hiyo ni faida kubwa.

Udhaifu wake uko mahali pengine. Kwanza, hunyonya ampea nyingi kwa mkupuo kutoka ukutani. Transfoma inayotoa moto wa kutosha kijiti cha kuchomelea cha milimita 2.5 inaweza kuangusha breka ya nyumba ya kawaida, au kufifisha taa za majirani wanaotumia laini hiyo. Pili, nyingi hutoa umeme wa kwenda na kurudi, ambao mkondo wake hufika sifuri mara 100 kila sekunde. Mtu mzoefu hajali hilo, lakini kwa anayejifunza kijiti hunata, huzimika na kumkatisha tamaa.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, ni usalama. Mashine iliyosukwa mtaani haina kibandiko wala kipimo. Mnunuzi hawezi kujua kama koili ya volti 220 imetengwa ipasavyo na ile inayoshikwa mkononi. Viwango vya kimataifa vinaweka kikomo cha volti 48 za umeme wa kwenda na kurudi kwa mashine zinazotumika kwenye mazingira hatari, yaani penye unyevu, jasho na vyuma pande zote. Mtu aliyesimama pekupeku kwenye mchanga uliolowa, huku shati limeloa jasho, yuko kwenye mazingira hayohayo.

Hoja ya pili: inveta ndogo

Inveta hufanya kazi kwa njia tofauti. Huchukua volti 220, huzigeuza kuwa umeme wa moja kwa moja wa volti 310 hivi, kisha huukatakata mara maelfu mengi kwa sekunde. Kwa kasi hiyo transfoma ya ndani haihitaji kuwa kubwa, na ndiyo sababu mashine nzima huwa nyepesi. Kinachofika kwenye kijiti ni umeme tulivu wa moja kwa moja, na moto wake ni rahisi kuuwasha na kuushikilia. Mashine nyingi huongeza msaada wakati wa kuwasha na hupunguza mkondo kijiti kinaponata. Anayeanza hupata mshono unaokubalika mapema zaidi kuliko kwenye transfoma.

Faida ya pili ni umeme. Kwa kazi ileile, inveta huvuta ampea chache kutoka ukutani. Nyumba ya kawaida huweza kuihimili, na jenereta ya kVA 5 huendesha kazi za kijiti cha 2.5 bila shida, wakati transfoma ya kazi hiyohiyo hudai jenereta kubwa zaidi. Tujihadhari hapa: vijenereta vidogo vya chini ya kilowati moja, vinavyotumika kwa taa na televisheni, havitoshi kwa mashine yoyote ya kuchomelea.

Udhaifu wa inveta unaihusu pwani moja kwa moja. Feni yake hufyonza hewa, na hewa ya hapa ina chumvi. Chumvi ikitua kwenye sakiti na kukutana na unyevu, hula njia za umeme taratibu mpaka siku moja mashine inapiga kelele na kunyamaza. Vumbi la chuma kutoka kwenye grenda ni baya zaidi, maana linapitisha umeme. Volti zinazopanda ghafla umeme unaporudi huweza pia kuiua. Ikifa, si kila mji una fundi wa elektroniki wa kuitengeneza, na mara nyingi gharama ya bodi mpya hukaribia bei ya mashine nyingine.

Kwa hiyo inveta huishi kwa kutunzwa. Ichomoe kila unapomaliza. Iache ipoe, kisha iweke ndani kwenye sanduku lenye kifuniko. Grenda itumike mbali nayo, upande ambao upepo hauelekei kwenye mashine. Mwenye nidhamu hiyo ataitumia kwa muda mrefu. Asiyekuwa nayo ataishia kuamini kwamba inveta zote ni mbovu.

Hoja ya tatu: mashine ya waya na mtungi wa gesi

Mashine ya waya hulisha waya mwembamba kutoka kwenye gurudumu, na kwa chuma chembamba inakishinda kijiti kwa mbali. Kitanda cha mabomba ya unene wa milimita moja, ambacho kijiti hukitoboa kwa urahisi, waya hukiunga vizuri. Kujifunza nako si kugumu.

Tatizo ni kwamba waya wa kawaida unahitaji gesi ya kuukinga moto. Mtungi ni gharama, kuujaza ni safari, na upepo wa kilomita 8 tu kwa saa unatosha kuipeperusha gesi hiyo na kuacha mshono wenye matundu. Kusi ya kawaida huzidi hapo mara kadhaa. Upo waya wenye dawa ndani yake usiohitaji mtungi, lakini ni ghali kuliko vijiti, haupatikani kila duka, na gurudumu likiachwa wazi kwenye hewa ya bahari hupata kutu. Waya wenye kutu hukwama ndani ya mpira. Mashine yenyewe ina sehemu nyingi zinazochakaa: ncha, magurudumu ya kusukuma, mpira wa ndani. Kila moja ni kipuri cha kuagiza.

Kuchomelea kwa gesi ya oksijeni na asetilini hakutegemei umeme, na kunafaa kwa kuunga kwa shaba fremu ya baiskeli. Hata hivyo, mitungi miwili yenye shinikizo kubwa, mmoja ukiwa na gesi inayolipuka, haina nafasi kwenye nyumba ya familia.

Hoja ya nne: usinunue, mwite fundi

Hoja hii hupuuzwa kwa sababu hakuna duka linalofaidika nayo, ingawa ina hesabu safi. Chukua jumla ya gharama ya mashine pamoja na vifaa vyake vyote, igawanye kwa malipo ya fundi kwa kazi moja. Tuseme jibu ni 20, na nyumba yako inahitaji fundi mara mbili kwa mwaka. Itakuchukua miaka kumi kurudisha fedha zako, na inveta ya bei nafuu kwenye hewa ya chumvi haina uhakika wa kufika mwaka wa kumi.

Fundi huja pia na uzoefu. Mshono unaoonekana mzuri juu unaweza kuwa haujashika chini, na jicho la mgeni halioni tofauti. Kwa kitanda hiyo ni aibu ndogo. Kwa ngazi, tenki la maji lililoinuliwa au fremu ya pikipiki, ni mtu kuumia.

Udhaifu wa hoja ni upatikanaji. Katika miji ambayo wakazi wake walitawanywa na vita, mafundi waliohamia Pemba, Nampula au Mtwara hawajarudi wote. Anayeishi kisiwani au kijijini hulipia usafiri wa fundi zaidi kuliko kazi yenyewe. Zaidi ya hayo, mwenye mashine huziba nyufa zikiwa bado ndogo, wakati anayemtegemea fundi husubiri mpaka geti lianguke.

Ipo njia ya kati inayofaa kuzingatiwa: majirani watatu au wanne kununua mashine moja kwa fedha za upatu, au xitique kama wengi nchini wanavyouita. Nyumba moja peke yake haifikii hesabu ya kununua, lakini nyumba nne huifikia upesi. Sharti ni moja: mtu mmoja ndiye awe mtunzaji, mashine ilale kwake, na kila anayeichukua airudishe ikiwa safi.

Kibandiko kinasema nini

Akili ya mnunuzi ikielekea kwenye inveta, kazi inayofuata ni kusoma kibandiko. Kina jedwali dogo lenye herufi. X ni asilimia ya muda ambao mashine inaweza kufanya kazi ndani ya kila dakika 10 bila kupata joto la kuizima. I2 ni ampea zinazofika kwenye kijiti. I1max ni ampea za juu kabisa zinazovutwa kutoka ukutani, na I1eff ni wastani wake, ambao nyaya za nyumba zinapaswa kuubeba.

Chukua mfano wa kibandiko kilichoandikwa hivi: X 20% kwa ampea 160, X 60% kwa ampea 92, X 100% kwa ampea 71. Maana yake ni kwamba kwa ampea 160 utachomelea dakika 2 na kupumzika 8. Kwa 92 utachomelea dakika 6. Kwa 71 hutasimama kabisa. Hiyo ni mashine ya kweli ya ampea 90 kwa kazi ya nyumbani, na inatosha vizuri. Namba hizo tatu zina uhusiano: ukizidisha ampea kwa zenyewe, kisha kwa asilimia, majibu yote matatu yanapaswa kukaribiana. Zisipokaribiana, tia shaka. Mashine isiyo na jedwali hilo, hata kama boksi limeandikwa 300, usiinunue.

Angalia pia joto la kipimo. Kipimo cha mashine za kazi hufanywa kwenye nyuzi 40, na cha baadhi ya mashine za nyumbani kwenye nyuzi 20. Adhuhuri ya Januari pwani haikaribii 20 hata kidogo, kwa hiyo mashine hizo zitajizima mapema kuliko ilivyoandikwa.

Tufanye hesabu ya soketi. Fyuzi ya ampea 13 kwa volti 220 ni kama wati 2,860. Inveta za bei nafuu hupoteza karibu theluthi moja ya mkondo huo kwa namna zinavyouvuta, na sehemu nyingine ndogo hugeuka joto. Kwenye kijiti hubaki wati 1,700 hivi, na kwa kuwa moto wa kijiti hufanya kazi kwenye volti 23 hivi, unapata ampea 70 hadi 75. Soketi ya ampea 16 hukupa kama 90. Hicho ndicho kikomo cha nyumba, haijalishi boksi limeandikwa nini. Ampea 70 hadi 90 ndizo hasa zinazotakiwa na kijiti cha milimita 2.5, na kijiti hicho huunga chuma cha milimita 2 hadi 5, yaani karibu vyuma vyote vya nyumbani.

Waya wa kuongezea nao hula umeme. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 wenye urefu wa mita 30, ukipitisha ampea 25, hupoteza volti 17 njiani. Wa 2.5 hupoteza 10. Kwenye nyumba ya mwisho wa laini, volti hizo ndizo hutenganisha moto unaoshika na moto unaozimika. Waya ukunjuliwe wote, maana ukiachwa kwenye roli hupata joto na kuyeyuka.

Gharama ya umeme wenyewe haipaswi kumtisha mtu. Kijiti cha 2.5 huisha kwa dakika moja hivi, na vijiti 25 hutumia takriban uniti moja ya Credelec, yaani umeme wa kulipia kabla. Kinachosumbua ni mkupuo wa ampea, si matumizi.

Gharama ambazo bei ya mashine haisemi

Mnunuzi mwenye bajeti ndogo hukosea anapotumia fedha zote kwenye mashine. Theluthi moja ya bajeti ibaki kwa ajili ya vitu hivi: kofia ya kuchomelea yenye kioo namba 10 au 11, glavu ndefu za ngozi, grenda, brashi ya waya na nyundo ya kubandua gamba. Kibanio cha ardhi kinachokuja na mashine rahisi huwa chepesi mno, na mara nyingi hicho ndicho kinachofanya moto ukatike ilhali watu wanalaumu mashine.

Miwani ya jua haizuii mwanga wa kuchomelea. Macho huungua bila maumivu ya papo hapo. Saa kadhaa baadaye, usiku, mtu huamka akihisi kama mchanga umejaa machoni. Watoto wanaotazama kwa mbali huungua vilevile, kwa hiyo kazi ifanyike nyuma ya kizuizi.

Mafusho ni jambo la pili. Mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka mafusho ya kuchomelea kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Mabomba yaliyopakwa zinki huongeza hatari nyingine: zinki huchemka kwenye nyuzi 907, chini sana ya joto la kuyeyusha chuma, na moshi wake mweupe huleta homa, baridi na maumivu ya mwili. Imani kwamba maziwa hukinga mafusho imeenea miongoni mwa mafundi wa Afrika Mashariki, lakini maziwa huenda tumboni na mafusho huenda mapafuni. Kinga ni kuiondoa zinki kwa grenda huku umevaa barakoa, kisha kufanya kazi nje upepo ukitokea ubavuni.

Vijiti vina siri yao. Kwa nyumbani chagua E6013 cha milimita 2.5, na pakiti ndogo ya 2.0 kwa vyuma vyembamba. Fundi wa miradi mikubwa atakusifia E7018, na kweli kina nguvu zaidi, ila dawa yake hunyonya unyevu na kinatakiwa kuhifadhiwa kwenye oveni ya nyuzi zaidi ya 100. Pwani, bila oveni, kitakuangusha. Hata E6013 kikilowa hupasuka kwa kelele kama chumvi kwenye moto, na mshono hutoka na vitundu vidogo kama vya mkate. Vihifadhi kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana, vianike juani kabla ya kazi vikitia shaka.

Zipo pia kazi zisizomfaa mwanafunzi hata awe na mashine nzuri: pipa au tenki lililowahi kuwa na mafuta, mtungi wa gesi, usukani na breki za chombo cha moto. Pipa la mafuta huua hata likiwa limeoshwa. Bati la kuezekea ni jembamba mno, lifungwe kwa ribiti. Mabano ya alumini ya mashine ya boti nayo hayaungiki kwa mashine hizi.

Kupima hoja

Tukiweka hoja nne kwenye mizani, transfoma inashinda kwa uimara na kutengenezeka. Inafaa karakana yenye umeme wa kutosha na fundi anayejua hatari zake. Kwa nyumba inashindwa kwa umeme na kwa usalama, hasa ikiwa imesukwa mtaani bila kipimo. Mashine ya waya inashinda kwa chuma chembamba, lakini upepo, mtungi na kutu vinaifuta faida hiyo katika pwani hii. Fundi anashinda kwa ubora na kwa hesabu pale anapopatikana jirani na kazi zikiwa chache.

Inveta inashinda kwa anayeishi mbali na fundi, mwenye umeme wa EDM au jenereta ya kVA 5, na mwenye kazi za mara kwa mara. Udhaifu wake mkubwa, yaani chumvi na vumbi, unaweza kupunguzwa na mwenye mashine mwenyewe. Udhaifu wa transfoma na wa mashine ya waya hauko mikononi mwake.

Muhtasari

Hesabu kwanza kazi zako za mwaka uliopita. Zikiwa mbili au tatu na fundi yupo karibu, mlipe fundi. Zikiwa zaidi, au mkiwa majirani wa kuchangia, nunueni inveta ya vijiti yenye jedwali kamili kwenye kibandiko, inayotoa ampea zisizopungua 90 kwa asilimia 60. Acheni namba ya boksi, tazameni breka, soketi na waya wa nyumba. Wekeni theluthi ya fedha kwa kofia, glavu, grenda na vijiti vya E6013.

Kabla ya kugusa geti la nyumba, maliza pakiti moja ya vijiti kwenye vipande vya chuma chakavu, ikiwezekana mbele ya fundi utakayemlipa kwa somo hilo. Anayetaka kufika mbali zaidi ana VETA Mtwara ng'ambo ya Ruvuma na taasisi ya IFPELAC upande wa Msumbiji. Mashine nafuu kuliko zote ni ile inayolingana na umeme wa nyumba yako, mikononi mwa mtu aliyefundishwa na aliyeyakinga macho yake.